Kwa nini jokofu la gari-nyumba hupoteza baridi barabarani ilhali injini inawaka?

«Tuna gari-nyumba lenye jokofu la njia tatu, yaani linalotumia gesi, umeme wa nyumbani au umeme wa volti 12 wa gari. Tukiwa tumeegesha na kutumia gesi, linagandisha barafu bila shida. Lakini tukisafiri kwa volti 12 kwa saa sita au saba, tunaondoka likiwa na nyuzi 4 na kufika likiwa na nyuzi 13, na maziwa yameanza kuharibika. Fundi wa kwanza alichomoa plagi ya jokofu, akapima volti injini ikiwa inawaka, akapata 13.9 na kusema waya hauna kasoro, jokofu ndilo limechoka. Wa pili ametushauri tuiache gesi ikiwaka tunapoendesha. Wa tatu anataka kutuuzia inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Jamaa yetu anasema tuling'oe tuweke la kompresa. Tumsikilize nani?»

Ndugu msomaji, nianze na hilo la jokofu kuchoka, maana ndilo linaloweza kukutia gharama kubwa pasipo sababu. Jokofu linalogandisha barafu kwa gesi halijachoka. Mfumo wake wa kupoza ni mmoja tu, na ndio huohuo unaofanya kazi ukitumia gesi, umeme wa nyumbani au umeme wa gari. Kinachobadilika ni chanzo cha moto unaouendesha. Mfumo huo ungekuwa umekufa, ungekuwa umekufa kwa njia zote tatu. Kwa hiyo la kujiuliza ni kiasi gani cha joto kinaufikia pale unapogeuza swichi kwenda volti 12 na kuingia barabarani.

Nimesema joto, na sikukosea. Jokofu la aina hii huendeshwa kwa joto, jambo ambalo huwashangaza wengi. Halina kompresa, yaani pampu ya kusukuma gesi ya kupozea, wala kitu chochote kinachozunguka ndani ya mabomba yake. Ubunifu wenyewe ulitoka kwa Baltzar von Platen na Carl Munters, waliokuwa wanafunzi mjini Stockholm mwaka 1922, na kiini chake hakijabadilika sana tangu hapo. Nyuma ya jokofu kuna mabomba yaliyofungwa kabisa, yenye maji, amonia na haidrojeni. Sehemu ya chini hupashwa moto. Hapo amonia hutengana na maji, hupanda juu ikiwa mvuke, hupoa kwenye mapezi ya chuma na kuwa kimiminika, kisha huteremka hadi nyuma ya friza, ambako hukutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Katika kugeuka huko ndimo inamonyonya joto la chakula chako. Baadaye maji huimeza amonia ile na mchanganyiko hurudi chini kupashwa moto upya. Ukipunguza moto kule chini, amonia inayotengana hupungua na baridi hupungua pamoja nayo. Na moto ukififia kupita kiasi, mzunguko wote husimama ingawa elementi, yaani kipashio cha umeme kinachotoa moto huo, bado inakula umeme wa gari.

Sasa tuje kwenye volti. Elementi ya volti 12 katika majokofu mengi ya ukubwa wa kati huwa na nguvu ya wati 120 hadi 175, na katika makubwa huzidi hapo. Tuchukue ya wati 170. Ikipata volti 12 kamili itavuta takriban ampea 14, ambazo si chache. Taa zote za ndani ya gari-nyumba la kisasa hazifiki hapo. Ikipata volti 10.6 tu, mtu anaweza kudhani kwamba imekosa kidogo, kwa kuwa upungufu wenyewe ni kama asilimia 12. Lakini elementi ni ukinzani mtupu, na nguvu inayotoka kwenye ukinzani hufuata kipeo cha pili cha volti: volti zikishuka, mkondo nao hushuka, na hasara hujirudufu. Kwa volti 10.6 elementi hiyo haitoi wati 170, inatoa 133 hivi. Umepoteza zaidi ya moja ya tano ya joto, katika mfumo ambao tangu mwanzo ulipewa nguvu ya kutosha tu kushikilia baridi, bila akiba.

Hapo ndipo kipimo cha fundi wa kwanza kinapopotosha. Volti 13.9 alizozisoma ni za kweli, na zinatuambia kwamba alteneta, jenereta ya injini, inachaji na kwamba rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inaunganisha jokofu injini inapowaka. Ila alipima plagi ikiwa imechomolewa, maana yake hapakuwa na mkondo unaopita. Waya mwembamba, kiungio kilichoshika kutu, hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba, vyote vitaonyesha volti kamili mradi hakuna kinachovuta umeme. Upitishe waya huo mkondo wa ampea 14 ndipo kasoro itakapojionyesha.

Kipimo chenye maana hufanyika hivi. Washa injini, weka jokofu kwenye volti 12, liache lifanye kazi kwa dakika kumi, kisha pima volti kwenye ncha za jokofu lenyewe likiwa bado linavuta. Ukipata 13 au zaidi, nyaya zako ni nzuri. Ukipata kati ya 12 na 13, jokofu litahimili siku za baridi na kulegea siku za joto. Ukipata chini ya 12, umeshampata mwizi wako, kilichobaki ni kujua amejificha wapi. Ili kumjua, gusa ncha chanya ya betri ya gari kwa waya mmoja wa mita ya kupimia umeme, na ncha chanya ya jokofu kwa waya wa pili, jokofu likiendelea kuvuta. Namba utakayoisoma ndiyo volti zinazopotelea njiani upande wa chanya. Fanya hivyohivyo upande wa hasi, ambao mafundi wengi huusahau ingawa mkondo uleule hurudi kupitia huko, mara nyingi kwa kutegemea boliti moja iliyofungwa kwenye bodi ya gari na kupigwa rangi juu yake.

Halafu sogea hatua kwa hatua: kabla na baada ya kishikio cha fyuzi, kabla na baada ya rilei, kabla na baada ya kila kiungio. Kiungio kizima hupoteza volti chache sana, sehemu za mia tu. Chenye ukinzani wa omu 0.05, ambao huwezi kuuona kwa macho wala kuupima vizuri kwa mita ya kawaida, hupoteza volti 0.7 kwa mkondo wa ampea 14, na hapohapo hutoa joto la wati 10 ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Ndiyo maana vishikio vya fyuzi vya jokofu hukutwa vimegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, plastiki imelegea na fyuzi imegandamana na chuma chake. Ukikiona hicho, usibadilishe fyuzi peke yake, na wala usiweke kubwa zaidi. Badilisha kishikio chote pamoja na ncha za waya. Fyuzi ipo kuulinda waya usiungue, na ukiikuza unauondolea waya ulinzi.

Kama viungio vyote ni vizima, basi tazama unene wa waya. Tuseme kutoka betri ya mbele, ile ya injini, hadi jokofu ni mita 6, hivyo mkondo husafiri mita 12 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ampea 14 hupoteza karibu volti 1.2 njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 6, hasara hushuka hadi kama nusu volti, na kwa ule wa 10 ni volti 0.3 tu. Kubadilisha waya ni kazi ya kuchosha, kwa sababu hupita chini ya sakafu na nyuma ya makabati, lakini miongoni mwa yote uliyoshauriwa na yale nitakayokutajia, hakuna lingine ambalo hurejesha baridi kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Ipo nafasi moja ambayo sitaki uiruke. Nyuzi 9 kwa saa saba ni mpando unaoweza kutokea hata kwa jokofu lisilopata umeme kabisa, ikiwa mlango umefunguliwa mara chache tu. Kwa kuwa jokofu lako hugeuzwa kati ya elementi mbili tofauti za umeme, moja ya volti 12 na nyingine ya umeme wa nyumbani, ile ya volti 12 inaweza kuwa imekatika peke yake bila wewe kujua. Mita ya kubana inayosoma mkondo wa betri itakuambia mara moja: ukiizungushia waya mmoja wa jokofu ukaona ampea 14 hivi, elementi inafanya kazi, ukiona sifuri huku volti zipo, elementi imekufa au kuna waya uliokatika kati ya plagi na elementi. Anza na kipimo hiki kabla ya kung'oa sakafu kutafuta waya.

Tuseme yote hayo yamerekebishwa. Bado kuna jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini: njia ya volti 12 katika majokofu haya haikukusudiwa kupoza kitu kilicho vuguvugu. Imekusudiwa kushikilia baridi iliyokwisha kupatikana kwa gesi au kwa umeme wa nyumbani. Kwa hiyo jokofu liwashwe usiku mzima kabla ya safari, na chakula kiingie kikiwa tayari baridi. Katika miundo mingi ya zamani themostati haitawali kabisa elementi ya volti 12. Huwaka moja kwa moja, na kuzungusha kitufe hadi mwisho hakuongezi chochote. Chupa mbili za lita moja zenye maji yaliyogandishwa, zilizoachiwa nafasi ya kutanuka, zinasaidia kuliko watu wanavyodhani: kila kilo ya barafu humeza takriban wati-saa 93 za joto kabla ya kuwa maji, na humeza polepole, saa zilezile unazozihitaji. Na weka kipimajoto ndani, si mlangoni bali katikati. Shirika la Afya Duniani hushauri vyakula vinavyoharibika vikae chini ya nyuzi 5, kwa hiyo maziwa na nyama vilivyokaa saa kadhaa karibu na nyuzi 13 usiviokoe kwa kuvirudisha kwenye baridi.

Hewa nayo ina sehemu yake. Joto lililonyonywa ndani lazima litoke kupitia yale mapezi ya nyuma, na hutoka kwa hewa inayoingia kwenye tundu la chini la ukuta wa gari na kutokea la juu. Vifuniko vya majira ya baridi vilivyosahaulika hapo, au uwazi mkubwa kati ya mapezi na ukuta unaoiacha hewa ipite kando, huliangusha jokofu zima hata likiwa na volti kamili. Kuhusu gari kuinama, barabarani halidhuru, kwa sababu mtikisiko huyasukuma maji yaende yanakotakiwa. Hudhuru ukisimama kwa muda mrefu mahali penye mteremko jokofu likiwa linafanya kazi.

Kabla ya kuagiza waya mpya, uliza pia gari lako limetengenezwa lini. Magari mengi ya kizazi cha Euro 6, na baadhi ya yale ya Euro 5 (viwango vya Ulaya vya moshi wa magari), yana alteneta inayoongozwa na kompyuta: betri ya injini ikishajaa, kompyuta hushusha volti hadi zikaribie 12.4 ili kupunguza matumizi ya mafuta, kisha huzipandisha unapoteremka au kupunguza mwendo. Jokofu lililounganishwa moja kwa moja na betri ya mbele huteseka kwa hilo, na waya mnene hautalitibu peke yake. Dawa yake ni chaja ya betri kwa betri, inayochukua umeme wa upande wa injini vyovyote ulivyo na kutoa volti thabiti kwa betri ya makazi, ile inayolisha vifaa vya ndani, na kwa jokofu. Hakikisha tu kwamba unayonunua ina nafasi ya ampea za jokofu juu ya zile za kuchaji; chaja ya ampea 30 inayotakiwa kulisha jokofu la ampea 14 itabakiza 16 tu kwa betri.

Kuhusu gesi, simuungi mkono fundi wako wa pili, ingawa natambua kwamba wengi hufanya hivyo na wamefika salama. Jokofu lina vali inayofunga gesi mwali ukizimika, na watu huiegemea hiyo kama ngao. Vali hiyo inajua jambo moja tu, kwamba mwali haupo. Haijui kwamba bomba limekatika kati yake na mtungi baada ya mgongano, na huko gesi itaendelea kumwagika. Zipo regyuleta, yaani vifaa vya kupunguza shinikizo la gesi ya mtungi, zenye kitambuzi cha mgongano, na vali za mpira zinazofunga mpira unapopasuka. Bila vifaa hivyo viwili, mtungi ufungwe kabla ya gari kuondoka. Hata ukiwa navyo, mwali unaowaka nyuma ya ukuta wenye matundu ni hatari isiyojadiliwa unapoingia kituo cha mafuta, ambako mvuke wa petroli hutambaa chini. Majokofu yanayojichagulia nishati yenyewe hungoja takriban dakika 15 baada ya injini kuzimwa ndipo yawashe gesi, kwa sababu hiyohiyo ya vituo vya mafuta. Lako likiwa la kugeuza kwa mkono, subira hiyo ni yako. Vivuko na mahandaki mengi yana masharti yake juu ya mitungi, na sheria za kuendesha gesi ikiwaka hutofautiana baina ya nchi na nchi, kwa hiyo soma za nchi zote utakazopita na masharti ya bima yako. Juu ya hayo yote, upepo wa barabarani huuzima mwali mara kwa mara, na unaweza kufika na jokofu la moto ukidhani lilikuwa likiwaka safari nzima.

Inveta haitengenezi umeme. Huugeuza tu, na hutoza ushuru njiani. Ili kulisha elementi ya wati 170 ya umeme wa nyumbani, itavuta karibu wati 190 kutoka betri. Nimtendee haki muuzaji wako, hata hivyo: inveta ikiwekwa karibu sana na betri kwa nyaya fupi na nene, safari ndefu ya kwenda kwenye jokofu hufanywa kwa volti 230 na mkondo usiofika hata ampea moja, hivyo tatizo la waya mwembamba linakwepwa, na elementi hiyo kwa kawaida hutawaliwa na themostati. Kwa hiyo inafanya kazi. Lakini umenunua kifaa cha gharama na kuongeza umeme unaoua ndani ya gari, pamoja na swichi maalumu inayohakikisha inveta haikutani kamwe na umeme wa nje ukiunganisha kambini, ili kukwepa kubadilisha mita chache za waya. Mimi ningebadilisha waya.

La kompresa ni suala jingine, na jamaa yenu hajakosea, ila anawapeleka mbali kuliko mnavyohitaji kwa sasa. Jokofu la kompresa la volti 12 huvuta wati 45 hivi linapofanya kazi, na hufanya kazi kama nusu ya muda, zaidi kidogo siku za joto kali. Hesabu ya siku nzima huangukia karibu na ampea-saa 45 (ampea mara idadi ya saa), wakati lenu likiachwa kwenye volti 12 usiku na mchana lingezidi 300. Linapoza kweli likiwa safarini, halijali mteremko wala joto la nje kwa kiasi kile, na paneli ya sola ya wati 200 kwenye jua zuri inaweza kulilisha. Upande wa pili ni kwamba sasa mtaitegemea betri ya makazi usiku na mchana mkiwa mmeegesha, jambo ambalo gesi iliwaondolea. Kompresa hunguruma usiku karibu na kitanda. Na ikiwa volti zitashuka kupitia waya uleule mbovu, kinga yake itaizima kabla betri haijaisha. Kwa mtu anayehama kila siku na kuendesha saa nyingi, ningesema badilisha. Kwa anayeegesha juma zima mahali pasipo umeme, la gesi bado halina mpinzani.

Jambo moja la matumizi, kwa kuwa safari ya saa saba haikosi mapumziko: injini ikizimwa, jokofu la volti 12 lazima nalo likatike. Rilei nzuri huongozwa na alama inayotoka kwenye alteneta, hivyo hukata yenyewe. Ikiwa yako imegandamana, au kuna aliyeiruka kwa waya wa moja kwa moja, betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haipendezi kuitumia zaidi ya nusu, itakuwa imefika ukingoni baada ya saa tatu na nusu. Jipime kwa kuzima injini na kuangalia kama ampea za jokofu zinashuka hadi sifuri.

Vipimo vya volti 12 nilivyovieleza unaweza kuvifanya mwenyewe kwa mita na uangalifu, na hata kubadilisha kishikio cha fyuzi, mradi utoe kwanza waya wa hasi wa betri. Kazi ya gesi usiiguse. Kila kiungio cha gesi kilichofunguliwa kinahitaji fundi mwenye leseni na kipimo cha uvujaji. Mwite pia ukiona masizi kwenye tundu la nje au mwali wa njano badala ya wa bluu, na usilale ndani kabla hajafika, kwa kuwa mwali wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Na ukisikia harufu kali ya amonia, au ukaona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, zima jokofu kwa njia zote tatu, fungua milango na madirisha, wala usijaribu kuziba, kwa sababu mabomba hayo yana shinikizo kubwa na haidrojeni iliyomo huwaka. Hapo ndipo kauli ya fundi wa kwanza, kwamba jokofu limechoka, itakuwa imetimia, na hesabu ya kompresa itakuwa na haki ya kufunguliwa upya.